Kiti cha Mama Ulichokiacha Madhabahuni

Mpendwa mume wangu, Baba Debora,

Au nianze na "Mtumishi"? Maana nasikia siku hizi ukiitwa kwa jina lako hugeuki mpaka mtu aongeze cheo. Mie siongezi. Nilipoolewa na wewe ulikuwa fundi mafriji hapa Mabibo, mikono inanuka gesi, suruali ina mfuko mmoja uliochanika, na nilikupenda hivyo hivyo. Nikianza kukuita Mtumishi nitacheka, na sikukaa chini kuandika ili nicheke.

Nakuandikia hadharani kwa sababu njia za faragha umezikataa. Simu hupokei. Ujumbe unausoma, tiki zinageuka bluu, halafu kimya. Ukijibu unajibu kwa sauti ya kurekodi, na nyuma yake kuna kinanda. Nani anamjibu mkewe kwa kinanda, Baba Debora? Basi na mie nimeamua kusema mbele za watu, maana ndiko unakosikia. Ishu yangu ni moja tu, naiweka hapa mwanzoni usije ukasema hukuelewa. Mama yako anaanza kusahau. Daktari anasema kimepita kiharusi kingine, kidogo, na kichwa kinachoka. Debora, mjukuu wake aliyemlea mwenyewe, kila jioni anaulizwa na bibi yake, "Wewe binti wa nani?" Jina lako bado analo. Sura yako sina uhakika. Njoo umwone angali anajua kwamba ana mtoto wa kiume.

Nianze na mazuri, maana yapo, na mie si mwongo.

Unakumbuka siku tuliyomleta kutoka Same, kiharusi cha kwanza kilipomchukua upande wa kulia? Mvua ilikuwa imenyesha, teksi ikagoma kuingia uchochoroni kwetu kwa sababu ya tope. Ukafunga kanga yake kiunoni, ukainama, ukambeba mgongoni kuanzia barabarani, ukapita naye katikati ya wauza ndizi wote. Watu wanapisha. Mama anakupiga begani kwa mkono wake mzima, anasema, "Nathanaeli, nishushe, utavunjika." Ukamjibu, "Tulia mama, zamu yangu." Ulipomlaza ukaenda kusimama nyuma ya mlango wa jikoni ukalia kimya kimya, ukidhani sikuoni. Nilikuona. Nikasema moyoni, Mungu wangu, huyu mwanaume umenipa mwenyewe.

Na miezi ile ya kwanza ulikuwa mtu. Ulichomelea bomba bafuni ili ashike akiwa anaoga. Kila Jumamosi ulimkata kucha, taratibu, mguu wake juu ya paja lako, mkisemeshana Kipare mnachekana hata mie nikaona wivu. Ulikuwa Mkristo siku zile, Baba Debora. Hukuwa unatangaza, wala nadhani hukujua.

Halafu ukaanza kukua kiroho.

Ulikwenda Mbweni kutengeneza friji la mama mmoja kwenye nyumba mpya za kule, ukarudi umeokoka. Nikashangaa, maana ulishaokoka kabla hatujaoana, na mie nilikuwepo. Ukasema ule wa kwanza haukuwa na moto. Ukaanza kwenda kwenye hema la huyo mhubiri wenu wa huko Mbweni, Jumatano, kisha Ijumaa, kisha Jumapili nzima. Kanisa letu dogo, lililotufungisha ndoa na kumbatiza Debora, likawa "kanisa la wazee". Jumuiya inayokuja kusali nyumbani kwetu Jumamosi asubuhi ukaiita kikao cha chai. Na mie siku moja ukaniambia, nimeshika beseni la mama, "Mama Debora, wewe bado unanyonya maziwa. Mwenzio nimeshaanza chakula kigumu." Nikakuuliza hicho chakula kigumu unakilia wapi, maana hapa nyumbani umefunga mwezi mzima na sufuria zangu hazikuoni. Hukucheka. Zamani ungecheka mpaka ukae chini.

Kuna jirani yetu, Bi Zuhura, nimtaje kwa wasiomjua. Ni mtu wa hapa hapa pwani, Mwislamu, mke wa mzee Shomari mchomeleaji. Tangu mama aje, akishamaliza sala yake ya alfajiri anavuka ua anakuja kunisaidia kumgeuza na kumnyanyua, maana mama ni mzito na mie mgongo wangu si wa chuma. Hakuna aliyemwomba. Ukaja siku moja na chupa yako ya mafuta, ukasema mlangoni, kwa sauti ya kusikika, kwamba mikono isiyo na upako isimguse mama. Nilitamani ardhi ipasuke. Bi Zuhura alikusikia vizuri sana. Kesho yake alfajiri akaja kama kawaida, akakunja mikono ya baibui, akasema, "Mama Debora, shika miguu." Kuhusu maneno yako hajasema lolote mpaka leo.

Sasa tuje kwenye kiti.

Hicho kikao cha chai, Baba Debora, ndicho kilichomletea mama kiti cha magurudumu. Walikuja nacho Jumamosi wanaimba, kimefungwa utepe. Mama alikuwa amekaa ndani miezi minane akitazama ukuta. Tukampandisha, nikamsukuma mpaka sokoni. Ungemwona! Anasalimia kila mtu, watu wanamwamkia shikamoo anaitikia marahaba kama mgombea ubunge, anabishana na wauza ndizi kuhusu mkungu asiotaka hata kuununua. Aliporudi akalala usingizi wa mtoto. Kiti kile alikaa nacho wiki tatu.

Huko hemani kwenu kuna desturi, na niieleze. Mtu hasubiri apokee ndipo ashuhudie. Anashuhudia kwanza, eti muujiza unamfuata nyuma. Anayetaka nyumba anashukuru kwa nyumba. Anayetaka mchumba anashukuru kwa harusi. Na ili ionekane imani si ya mdomo, mtu analeta kitu cha ugonjwa wake anakiacha madhabahuni. Mwenye miwani anavua miwani. Mwenye magongo anaacha magongo, anachechemea kwenda nyumbani huku anapigiwa makofi. Wewe hukuwa na gongo wala miwani. Ukabeba kiti cha mama yako.

Mie sikujua. Asubuhi ile ulisema unakipeleka kutiwa mafuta kwenye magurudumu, nami kwa ujinga nikakusaidia kukikunja. Mchana Bi Zuhura akaja na simu mkononi, amekunja uso. "Mama Debora, hebu njoo. Huyu si mumeo?" Nikatazama. Wewe huyo, suti ya kijivu, kipaza sauti, na kiti cha mama kimesimama mbele ya watu. Unasema, "Mama yangu alikuwa amepooza mwaka mzima! Sasa ninavyosimama hapa, yuko nyumbani anafagia uwanja!" Watu wanalipuka, wengine wanaanguka. Bi Zuhura akanitazama, akamtazama mama aliyekaa pale mkekani, mkono wake wa kulia umelala pajani, akauliza, "Kwani kwenu mna mama wawili?"

Mama alikuwa amesikia. Masikio yake hayakupooza.

Uliporudi nikakuuliza, "Kiti kiko wapi?"

"Nimekitoa."

"Umempa nani?"

"Nimekitoa madhabahuni. Mtu aliyepona hakai kiti cha wagonjwa."

"Nani amepona?"

"Kwa imani, Mama Debora. Ukiuliza hivyo unaufunga muujiza."

Yaani kiti umechukua wewe, uongo umesema wewe, lakini mdomo unaofunga muujiza ni wangu. Nikakuambia nenda ukakirudishe. Ukasema kukirudisha ni kuurudisha ugonjwa. Nikauliza kama ugonjwa umeondoka, nani ninayembadilishia shuka. Ukaanza kunena kwa lugha. Nikaenda zangu jikoni, maana nilikuwa nimeshika mwiko na mwiko una hasira zake.

Yaliyofuata nilikuambia juu juu tu. Leo nakuambia yote.

Jumatano yake nilikuwa sokoni kwenye meza yangu ya biashara. Bi Zuhura alikuwa amekwenda msibani. Nikarudi saa saba kasoro kumpa mama chakula, mkekani hayupo. Nikamkuta uani, chini ya jaba la maji, amelala ubavu, paji la uso limechanika, damu imeingia kwenye jicho. Alikuwa amejiburuza kutoka ndani mpaka pale akaushika ukingo wa jaba. Nikapiga kelele, "Mama, ulikuwa unakwenda wapi?" Akasema, "Nilijaribu kusimama. Nathanaeli ameshawaambia watu."

Mwanamke wa miaka sabini na kitu, nusu ya mwili imekufa, anajiburuza juani ili mwanawe asionekane mwongo. Na alijaribu mara tatu, aliniambia baadaye, mara mbili za kwanza hakuna aliyemwona. Ulipokuja ukampaka mafuta kwenye jeraha, jeraha bichi, Baba Debora, ukasema adui amepigana kwa sababu muujiza uko karibu. Mama akakuambia, "Nisamehe mwanangu, miguu imekataa." Akakuomba msamaha! Nawe ukamjibu, "Ongeza imani, mama." Nilikudharau dakika ile, na dharau hiyo haijawahi kutoka mpaka naandika sasa.

Wiki hiyo hiyo ukafunga begi. Ukasema unakwenda Kimbiji kwenye kambi ya maombi, mfungo wa siku arobaini, kupigania muujiza wa mama. Siku arobaini hizo leo zina miaka miwili. Kutoka Kimbiji ulihamia Mbweni moja kwa moja. Hesabu za mbinguni labda ziko tofauti.

Usidhani sikusikilizi. Nakusikiliza sana. Jumatano una mafundisho yako kwenye simu, na mie Jumatano ndiyo siku ya kufua mashuka ya mama, kwa hiyo nakuweka juu ya ndoo nakusikiliza. Ulifundisha hatua saba za kukua kiroho. Ya kwanza ukasema ni kujitenga na watu wanaokurudisha nyuma. Nikatazama lile shuka mkononi mwangu, nikajiuliza anayekurudisha nyuma ni mama, ni Debora au ni mie. Ya nne ikawa uvumilivu. Hee! Uliuchambua uvumilivu kwa nusu saa, na jasho ukafuta. Umekuwa kama mtu anayesimulia Ulaya na hata uwanja wa ndege hajaukanyaga. Watu wakaandika amina, amina, wakaweka vipicha vya moto na mikono. Mie nikakuzima, maana zamu ya kumgeuza mama ilikuwa imefika.

Nikufundishe na mie kidogo, bure, bila kinanda. Mtu aliyepooza anageuzwa kila baada ya saa mbili. Ukichelewa, ngozi ya mgongoni inabadilika rangi, kisha inachubuka, kisha linakuwa shimo. Hakuna saa mbili za upako na saa mbili za kawaida. Leo umegeuza vizuri, umempaka mafuta ya nazi, umeimba, na baada ya saa mbili Mungu mwenyewe hakuulizi uliimbaje, anakuuliza umegeuza? Mie sijui hatua saba. Maombi yangu yamefupika mpaka naona aibu, zamani nilikuwaga naomba saa nzima, siku hizi nasema, "Bwana, hii moja tu," nashika miguu. Inayofuata naomba tena.

Na usije ukafikiri nimekuwa malaika. Kuna siku uliweka picha zako na wale akina mama wa Mbweni, keki ya siku yako ya kuzaliwa ina msalaba wa sukari. Nikachukia. Mama alikuwa ameloana. Nilijua ameloana. Nikasema acha aloane, si mama yangu mie, mwenye mama anakata keki. Nikakaa kibarazani nikimenya ndizi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na mama yuko ndani. Nilipoingia ananuka na midomo inamtetemeka kwa baridi ya shuka. Nikasubiri aniseme. Akasema, "Pole na kazi, mwanangu."

Nililia siku ile kuliko siku uliyoondoka. Nikapiga magoti kwenye ile sakafu yenye maji, nikatubu kwa mama kwanza, halafu ndio nikatubu kwa Mungu. Kama kuna siku nimekua kiroho, Baba Debora, ni ile, na nilikua kwa kugundua kwamba na mie naweza kuwa wewe. Sijawahi kuisimulia kanisani. Naisema hapa kwa sababu barua yote hii imejaa dharau, na dharau ninayokupiga nayo nilishaionja.

Mzee Shomari alimtengenezea mama kiti kingine. Alichukua kiti cha plastiki, akakifunga kwenye fremu ya vyuma, akaweka magurudumu ya toroli. Kinapiga kelele, lakini kinatembea. Mama anakipenda. Kila asubuhi kabla ya chai anataja majina yetu mbele za Mungu, la kwanza ni lako, halafu mie, Debora, Zuhura na Shomari. Siku hizi sala inamkatikia katikati, anabaki ametazama dari, mie namalizia. Kuna asubuhi amesahau jina langu, amesahau la Zuhura. Lako bado halijakosekana, na ninakiri linaniuma.

Nilikaa muda mrefu nikidhani huji kwa sababu humpendi. Sasa nimeelewa, na kuelewa kumenipunguzia hasira kidogo, kidogo tu. Unashindwa kuja kwa sababu ya ule ushuhuda. Watu wako wote wanajua mama wa Mtumishi anafagia uwanja. Ukionekana Mabibo unasukuma kiti cha toroli, utawaambia nini? Ulimfungia mama mlango kwa mdomo wako mwenyewe, na wewe ukabaki nje. Loh, maskini. Mwanaume mzima anamkimbia mama yake mzazi kwa kuogopa sentensi moja aliyoitamka Jumapili!

Basi nenda kaifute. Simama pale pale, shika kipaza sauti kile kile, sema, "Mama yangu hakupona. Nilichukua kiti chake." Baadhi watakucheka. Baadhi wataondoka. Keki mwakani huenda isiwepo. Utajifunza uvumilivu, na hatua ya nne utaifundisha kwa kuijua.

Kisha njoo. Usije na mafuta, usije na kamera, usije na mtu wa kukubebea begi. Njoo saa kumi na mbili asubuhi umevaa nguo za kuloana. Bi Zuhura atakuonyesha pa kushika, hatakukumbusha lolote, namjua. Mie sikuahidi kitu kuhusu mimi na wewe. Hayo yana siku yake. Nakuita kwa mama yako tu.

Na nikuambie kilichonifanya niandike leo. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimechuchumaa namkausha miguu. Akanitazama kwa muda mrefu, akaita, "Nathanaeli." Nikageuka mlangoni mbio. Mie mjinga bado nageuka. Hakukuwa na mtu. Alikuwa ananiita mie. Nikataka kumwambia, mama, ni mie mkweo, lakini uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu azoee kutokuwepo kwako. Akaita tena. Tangu nizaliwe nikiitwa naitika abee, ndivyo tulivyofunzwa wanawake. Nikaitika, "Naam, mama."

Akanishika kichwa kwa ule mkono mzima. Akasema, "Umekuja. Wale watu walikuwa wanasema huji. Umekula?"

Nikamwambia bado. Akanisukumia kikombe chake cha uji, nikanywa, nikaumaliza mpaka chini huku machozi yananitoka, maana alikuwa ananitazama kuhakikisha mwanawe ameshiba. Tangu siku hiyo ameniita hivyo mara nne, na zote nne nimeitika kwa niaba yako. Sitaki kuitika ya tano. Nisipoitika atajua hukuja, na nikiitika nitakuwa nami nashuhudia mbele ya mama yako kitu ambacho hakijatokea.

Naishia hapa, maji ya kumwogesha yamechemka. Mungu akufikishe salama Mabibo.

Mimi, mkwe wa mama yako,
Mama Debora